Kumbukumbu za Mabaharia wa Kaskazi na Kusi

Msomaji kijana, ikiwa wakaa Nairobi, katika Kawangware au Kangemi, Kilimani au Westlands, basi wakaa mbali sana na bahari. Mji wako umeinuka kiasi cha mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, na mtu akitaka kuyaona maji ya chumvi hana budi kusafiri kilomita 480 hivi mpaka Mombasa. Wako watu waliozaliwa humu mjini, wakasoma, wakaoa, wakapata wajukuu, wala hawajapata kuona jahazi hata siku moja. Kwa hiyo huenda ukastaajabu nikikuambia kwamba haikupiti siku ila umetamka maneno ya mabaharia.

Ukimtaja nahodha wa timu ya mpira, umetaja cheo cha chomboni. Neno hilo asili yake ni Uajemi, na maana yake ni bwana wa merikebu. Dereva wa matatu apitaye Barabara ya Waiyaki ameshika usukani. Nao usukani wa kwanza ulikuwa ubao mzito uliofungwa nyuma ya chombo, nusu yake majini. Rubani atuaye na ndege katika Uwanja wa Wilson amerithi jina la mtu aliyekijua kila kijiwe cha mlango wa bandari, akakipitisha chombo salama katikati ya miamba. Gazeti likiandika kwamba mipango ya serikali imekwenda mrama, limetaja chombo kinachoyumba ubavu hata ubavu kwa kupigwa na mawimbi. Na darasani, mwalimu anapoelekeza kijiti chake juu ya ramani na kusema "kaskazini", anataja upepo.

Nayaita maneno hayo masalio ya kumbukumbu, kwa kuwa wengi wa watu walioyatumia kwanza hawakuacha karatasi. Katika insha hii nataka tuwatafute mabaharia wa vyombo vya biashara, waliosafiri miaka mingi baina ya bandari za Afrika ya Mashariki, Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Walikumbuka nini? Na ni nani aliyeyaandika waliyoyakumbuka? Swali la pili, kama utakavyoona, ni gumu kuliko la kwanza.

Tuanze na upepo, maana bila upepo hapakuwa na safari. Tangu Desemba hivi mpaka Machi, kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vikaja nao mpaka pwani yetu. Mnamo Aprili upepo hugeuka. Kusi huanza kuvuma, na vyombo vile vile vikarudi kwao. Katika Juni na Julai kusi huwa kali hata manahodha wenye busara hawakuthubutu kutweka tanga. Kisha huja demani, bahari ikatulia. Mzunguko huo wa mwaka ndio ulioitwa msimu, na neno la Kiarabu lililozaa msimu wetu ndilo lililozaa pia jina ambalo Wazungu huziita pepo hizo. Sisi leo twasema msimu wa mvua, msimu wa maembe, hata msimu wa mpira, lakini kwa baharia msimu ulikuwa ni hukumu. Aliyechelewa kupakia shehena yake mpaka upepo ukageuka alikaa ugenini miezi mingi akingoja.

Kungoja huko kulikuwa na matokeo makubwa. Kitabu cha kale kiitwacho Periplo ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 na mtu wa Misri ambaye jina lake halijulikani, chaitaja bandari ya Rhapta iliyokuwa mbali upande wa kusini wa pwani hii. Chasema kwamba wafanya biashara wa Muza, huko Yemeni, walipeleka Rhapta manahodha na mawakili Waarabu walioizoea nchi, waliooa huko na kuifahamu lugha ya wenyeji. Chasema tena kwamba jina la Rhapta lilitokana na vyombo vilivyoshonwa. Vyombo vya namna hiyo, ambavyo mbao zake hufungwa kwa kamba za makumbi bila msumari, viliendelea kuundwa pwani kwa karne nyingi. Watu wa Lamu waliviita mitepe. Yaelekea mwandishi wa kitabu hicho alikuwa mfanya biashara, na shauku yake yote ilikuwa juu ya bidhaa: nini chauzwa wapi, na bandari ipi ina mfalme mwenye tamaa. Waliosokota zile kamba za makumbi hakuwauliza neno.

Miaka zaidi ya 1,200 baadaye alikuja msafiri mwingine, Ibn Battuta, mtu wa Tangier. Mwaka 1331 alipita Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa. Habari zake ni tamu kusoma. Alieleza wali wa samli aliopewa Mogadishu, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Alieleza ukarimu wa sultani wa Kilwa. Lakini ukitafuta katika habari hizo mtu aliyevuta kamba usiku wa dhoruba, hutampata. Abiria hukumbuka bandari. Aliyekumbuka njia iliyo kati ya bandari na bandari ni baharia, naye hakuulizwa.

Hata hivyo mmoja aliandika, tena alikuwa wa kazi ile ile. Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar katika nchi iitwayo leo Ras al-Khaimah, alikuwa bingwa wa bahari katika karne ya 15. Chomboni mtu wa namna yake aliitwa mwalimu, yaani mjuzi wa nyota na njia, na sidhani kama walimu wa leo watachukia kupata ndugu wa aina hiyo. Ibn Majid aliandika kitabu kikubwa cha nathari juu ya ubaharia, na pamoja nacho tungo nyingi za mashairi zenye kueleza njia, nyota na dalili za nchi kavu. Kwa nini mashairi? Kwa sababu karatasi hulowa, na usiku taa huzimika, lakini beti zilizohifadhiwa moyoni haziwezi kuchukuliwa na wimbi. Baharia alinyosha mkono, akapima kwa vidole kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari, kisha akasoma ubeti wake kimoyomoyo akajua yuko sambamba na bandari gani.

Utasoma katika vitabu vingi kwamba huyo Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi. Hadithi hiyo ilirudiwa mara nyingi hata ikafanana na kweli, lakini wanahistoria wa siku hizi hawaikubali. Ibn Majid alikuwa mzee wakati ule, na habari za Wareno zamtaja rubani wa Gujarati. Jambo lenyewe la safari hiyo lafaa kuangaliwa zaidi kuliko jina la rubani. Wareno walitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, upepo ukiwa umegeuka vizuri, na katikati ya Mei wakaiona Bara Hindi. Haukutimia mwezi. Waliporudi hawakungoja msimu. Waliondoka pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijakomaa, wakazungushwa na shwari na pepo za mbisho mpaka Januari 2, 1499, walipoiona pwani ya Mogadishu. Karibu miezi mitatu, kwa bahari ile ile! Watu 30 hivi walikufa njiani, wengi kwa kiseyeye kilichovimbisha ufizi wao hata wasiweze kula, na waliobaki hawakutosha kuziendesha merikebu zao zote, wakaiteketeza moja kwa moto karibu na pwani yetu. Wahenga wa pwani husema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Watu hutumia methali hiyo kwa mambo ya bahati, lakini mimi naona kwamba aliyeisema kwanza alikuwa na maana ya nyota hasa.

Basi na tuje karibu zaidi na zama zetu, kwa safari iliyotoka pwani yetu ikafika mbali ajabu. Tarehe 11 Februari 1840 merikebu ya Sayyid Said bin Sultan, iitwayo Sultana, iliyoundwa Bombay, iling'oa nanga Unguja. Mkuu wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Ilikuwa imekwisha pakia tende, mazulia ya Uajemi na buni ya Mokha, na Unguja ikaongezewa pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Magunia ya tende yalikuwa 1,300 na pembe 108. Iliizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikatua katika kisiwa cha St. Helena, kisha ikaivuka Atlantiki. Tarehe 30 Aprili ikaingia New York.

Fikiri, msomaji, jinsi watu wa mji ule walivyosongamana gatini. Hawakuwa wamepata kuona merikebu ya Kiarabu bandarini kwao. Wakuu wa jiji walimkaribisha Ahmad bin Na'aman, wakamtembeza yeye na maofisa wake. Serikali ya Marekani ikaitengeneza Sultana bila malipo katika gati la manowari. Na mchoraji akaifanya picha ya yule mkuu kwa rangi, akiwa na kilemba chake, picha ambayo ingali ikihifadhiwa Marekani hata leo. Agosti 9 merikebu ikaondoka, na Desemba 8 ikarudi Unguja. Miezi 10 kasoro siku chache.

Sura ya mkuu twaijua, na hesabu ya magunia twaijua. Lakini wale mabaharia waliopanda mlingoti katika baridi ya Atlantiki, wakakaa majuma 14 katika mji wenye nyumba, magari na watu wa namna wasiyowahi kuiota, walirudi kwao na hadithi ambayo hakuna aliyeikamata kwa wino. Bila shaka waliisimulia. Ilisimuliwa barazani, na watoto wakacheka wasiamini. Kisha wasimulizi wakafa, na watoto wale nao wakafa. Mtu akiniuliza ni hasara gani kubwa iliyoipata historia yetu ya bahari, sitamtajia merikebu yoyote iliyozama. Nitamtajia majuma hayo 14.

Yaliyobaki kwa watu wa kawaida ni neno moja la nguo. Miongoni mwa bidhaa ambazo Sultana ilirudi nazo, pamoja na ushanga, bunduki na baruti, zilikuwamo robota za kitambaa kigumu cha pamba cha viwanda vya Marekani. Merikebu za Salem zilikuwa zimekwisha kuleta kitambaa hicho Unguja kabla yake, na pwani nzima ikakiita merikani. Misafara ya wapagazi ilikichukua mpaka bara. Hapo ndipo safari za bahari zilipofika ulipo wewe, kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Dagoretti, upande wa magharibi wa mji wa leo, ilikuwa mahali pa misafara kununua chakula kwa Wakikuyu, na malipo yalikuwa nguo na ushanga. Mwaka 1890 Lugard alijenga boma huko kwa ajili ya Kampuni ya Waingereza, akapatana na Waiyaki wa Hinga, yule ambaye barabara yenu kubwa ya Westlands na Kangemi imepewa jina lake. Mkulima wa Dagoretti aliyejifunga merikani hakuijua bahari, kama baharia aliyeileta alivyokuwa hakuijua Dagoretti.

Aliyewaandika mabaharia wenyewe, kwa jicho la mtu wa kazi yao, alikuja kwa kuchelewa sana. Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alikuwa ameishi maisha yake katika merikebu za matanga. Mnamo Desemba 1938 alipanda Aden bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akasafiri nalo pwani ya Hadhramaut, Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, kisha katika mikono ya mto Rufiji, na kurudi Kuwait Juni 1939. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata. Kina makosa ya mtazamo wa enzi yake, nami sikubaliani na kila asemalo juu ya watu wa pwani. Lakini alifanya jambo ambalo Ibn Battuta hakulifanya: alilala juu ya sitaha pamoja na mabaharia.

Aliona nini? Aliona kwamba baharia hakuwa na mshahara. Mwanzoni mwa safari alipewa fedha kidogo za kumwachia mkewe, na mwisho, gharama zote zikiisha kutolewa, faida iligawanywa mafungu. Fungu likipungua kuliko fedha aliyotangulizwa, baharia alibaki na deni, na deni lilimfunga kwa nahodha yule yule msimu ujao. Nahodha naye alikuwa na deni kwa tajiri wa Kuwait. Njia pekee ya kujikwamua ilikuwa sanduku: kila baharia aliruhusiwa kuchukua sanduku lake la bidhaa ndogo ndogo, akachuuza bandarini kwa faida yake mwenyewe. Foromali, yaani ule mti mrefu ushikao tanga, ulikuwa mzito hata haukuweza kupandishwa ila kwa watu wote kuvuta pamoja, na hawakuvuta bila kuimba. Nyimbo ndizo zilizoshika hesabu ya pumzi zao.

Kazi mbaya kuliko zote haikuwa ya baharini. Katika Rufiji mabaharia waliingia ndani ya tope la mikoko, miguu ikizama, mbu wakiwala, wakazipakia boriti kwa maelfu. Ghuba ni nchi isiyo na miti ya kujengea, na paa za nyumba zake zilisimama juu ya boriti zilizotoka Rufiji na Lamu. Upana wa chumba, huko kama huku Lamu, ulipimwa na urefu wa boriti. Basi kumbukumbu ya kazi ile ya topeni ilikaa juu ya vichwa vya watu waliolala Kuwait na Basra, nao hawakuijua.

Methali moja ya Kiswahili yatoka katika maisha hayo hayo: "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, na omo ni mbele. Ngama ni chini kabisa, mahali maji yanayovuja yanapokusanyika na kuoza. Huko baharia alishuka mchana na usiku kufua maji, zamu kwa zamu, maana chombo cha mbao huvuja daima. Nahodha angaliweza kutunga methali juu ya nyota. Hii, nionavyo mimi, ilitungwa na mfua maji.

Baada ya vita ya pili ya dunia wataalamu walianza kufanya haraka, kwa kuwa waliona jambo linakwisha. A. H. J. Prins, Mholanzi, alitoa mwaka 1965 uchunguzi wake juu ya ubaharia wa Lamu. Mwaka 1969 kitabu cha John Jewell juu ya majahazi ya Mombasa kilichapishwa hapa Nairobi na East African Publishing House. Na mwanajiografia mmoja Mmarekani aliyekaa Langata, Esmond Bradley Martin, pamoja na mkewe Chryssee, waliyafuata majahazi na bandari zake, wakaandika kitabu kilichotoka mwaka 1978. Baadaye Martin alijulikana duniani kwa kuchunguza biashara haramu ya pembe za ndovu na za vifaru, yaani sehemu ya shehena ile ile ya kale. Aliuawa nyumbani kwake Langata mwezi wa Februari 2018. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo: sehemu kubwa ya habari zilizoandikwa za mabaharia wa mwisho wa matanga imepitia katika mji usio na bahari.

Walipokuwa wakiandika, bahari yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mafuta ya petroli yaliwapa vijana wa Kuwait kazi yenye mshahara, na saruji na chuma vikachukua mahali pa boriti. Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yalikata njia nyingi za zamani, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Vyombo vya mbao vichache bado huingia katika Bandari ya Kale ya Mombasa, chini ya Ngome ya Yesu. Nahodha wake yuko, na usukani upo. Lakini vyaendeshwa kwa injini, navyo haviingoji tena kaskazi.